Elektroni iliyoangama na radi isiyo na mtumaji

Mwaka jana, mvua za Novemba zilipokuwa kali, radi ilimpiga ndugu yetu shambani, upande wa Sake. Nilifika kwenye matanga siku ya pili. Usiku baba mdogo aliuliza kwa sauti swali ambalo watu walikuwa wakilinong'ona tangu asubuhi: "Ni nani mwenye alituma ile radi?" Majina mawili yakatajwa. Moja lilikuwa la mama mjane, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye wakati huohuo alikuwa nyuma ya nyumba akisaidia kupika.

Macho yalinigeukia kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa chuo. Nikaanza kueleza, na kilichonitoka kinywani ni Kifaransa. Sharje, shan, desharje. Wazee waliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgeni aliyepotea njia. Nilipomaliza walirudi kwenye majina yao mawili. Mama yule bado anaishi palepale, lakini tangu siku zile haji tena kuchota maji kwetu.

Siwalaumu wazee. Waliuliza swali kwa Kiswahili sanifu kabisa kwa sarufi yake, nami nikawajibu kwa lugha ambayo wao hawamo. Nilichokigundua baadaye, nikiwa kwenye basi la kurudi mjini, kilinikera zaidi: hata kama ningetaka kujibu kwa Kiswahili, nisingeweza. Nomino ninazo. Nilichokosa ni kitenzi.

Fikirieni vitenzi vilivyotumika usiku ule. Radi imetumwa. Radi imempiga. Radi imemchagua yeye ikamwacha mwenzake. Vyote ni vitenzi elekezi, na kila kimoja kina kiti cha mtenda. Tunajifunza mwaka wa kwanza kwamba kauli ya kutendwa humficha mtenda bila kumwondoa. Ukisema "imetumwa", kiti kipo, kitupu, na msikilizaji hana budi kutafuta wa kukikalia. Katika matanga yale waliona mama mjane anatosha.

Ndiyo sababu ninaandika katika jarida letu juu ya jambo ambalo wengi wataliona ni la kitivo kingine: elektroni zinazoshikwa kwa shida na molekuli zenye chaji hasi. Nina hoja ya isimu ndani yake. Tunapojadili Kiswahili na sayansi hapa kitivoni, tunajadili nomino peke yake. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunasimama mbele ya oditwari kusema kwamba lugha yetu inaweza kubeba sayansi, tunatoa orodha ya istilahi, tunapiga makofi, tunaenda kunywa soda. Orodha hizo si mpya. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Elektroni, protoni, ioni, atomu, molekuli: yote hayo yana makazi katika Kiswahili tangu wengi wetu hatujazaliwa. Pamoja na hayo, shule ya sekondari Tanzania inafundisha fizikia kwa Kiingereza, na ya kwetu kwa Kifaransa. Kama upungufu ungekuwa wa nomino, mambo yangekwisha kitambo.

Rafiki yangu anayesoma fizikia ananicheka ninaposema hivyo. Kwao, anasema, shida imeshatatuliwa. Wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanasema "elektroni inaatashe ku molekuli", "inadetashe", "iko liye kidogo". Nimekaa nao nikawasikiliza, na ni kweli: nomino na viambishi ni vya kwetu, ila mzizi wa kitenzi ni wa Kifaransa karibu kila mara. Si ajabu, Kiswahili cha Goma kinafanya hivyo kila siku na mimi mwenyewe nasema "nakomanse". Sina ugomvi na kukopa. Ninachohoji ni bei ya mkopo huu mmoja. Neno "liye" linaifunga elektroni kwa namna moja tu. Likitaka kusema zaidi linaongezewa kielezi: liye sana, liye kidogo. Na elektroni katika molekuli hasi hazishikwi kwa namna moja iliyozidi au kupungua. Zinashikwa kwa namna tofauti, na tofauti hizo Kiswahili kinaziweka ndani ya kitenzi chenyewe.

Hapo lazima nieleze mambo yenyewe, kama nilivyoelezwa mimi kwa jioni nne, mshumaa ukiwaka kwa sababu umeme wa mtaa wetu ulikuwa umekwenda.

Atomu ya kawaida ina kiini chenye chaji chanya kinachozivuta elektroni zake. Kuing'oa elektroni ya haidrojeni kunahitaji nishati ya elektronivolti 13.6. Kipimo hicho tukichukue kama bei tu: elektronivolti nyingi, mshiko mkubwa. Sasa chukua molekuli iliyotimia, ambayo chaji zake chanya na hasi zinalingana, kisha uiletee elektroni moja ya ziada. Kwa mbali elektroni hiyo haioni chaji yoyote ya kuivuta. Nyumba imejaa na hesabu zimefungwa. Ikikubaliwa, molekuli inakuwa ioni hasi. Lakini inakubaliwaje, na inakaa wapi?

Zipo zinazoipokea kwa nguvu. Atomu ya klorini inaishika elektroni ya ziada kwa elektronivolti 3.6 hivi; ina nafasi moja wazi ndani kabisa, na elektroni ikiingia humo haitoki kirahisi. Kiswahili kina neno la mshiko huo: kufumbata. Ni kufunga kiganja juu ya kitu mpaka kisionekane.

Oksijeni tunayoipumua ni ya daraja la chini sana. Molekuli yake inaishika elektroni ya ziada kwa elektronivolti 0.45 tu, karibu sehemu moja ya nane ya klorini. Lakini inaishika kweli, ndani ya mwili wake, na mwili huo unabadilika: umbali kati ya atomu zake mbili unaongezeka kutoka nanomita 0.121 hadi 0.135 hivi. Aliyeshika amebadili mkao. Hilo naliita kukamata, na namwomba msomaji wa pwani asikunje uso, kwa sababu huku kwetu "kamata" halina polisi ndani yake. "Kamata pesa yako", "kamata mtoto": kitu kinapita mkononi, unakitwaa, unaweza kukiachia baada ya dakika.

Halafu kuna aina ya tatu, iliyonifanya nisilale.

Molekuli inaweza kuwa haina chaji kwa jumla lakini ikawa na ncha mbili, moja imeelemea upande wa chanya na nyingine upande wa hasi. Kipimo cha kuelemea huko ni debye. Mwaka 1947 Enrico Fermi na Edward Teller walionyesha kwa hesabu kwamba ncha mbili za namna hiyo, zikifikia debye 1.625, zinatosha peke yake kuizuia elektroni isiende zake. Elektroni hiyo haiingii ndani. Inabaki nje, upande wa ncha chanya, imetandaa kama ukungu mpana kuliko molekuli yenyewe. Mfano unaotajwa sana ni asetonitrili, kimiminika cha maabara, chenye debye 3.9. Inaishikilia elektroni ya ziada kwa elektronivolti 0.019 hivi. Joto la kawaida la chumba linatikisa kila kitu kwa kiasi cha 0.025. Maana yake, mtikisiko wa hewa ya chumbani peke yake ni mkubwa kuliko mshiko wote, na ndiyo maana viumbe hawa huchunguzwa katika mikondo ya gesi iliyopozwa sana, ndani ya ombwe.

Maji yana hadithi ya kupendeza hapa. Molekuli moja ya maji ina debye 1.85, imepita kizingiti cha Fermi na Teller, na bado haiwezi kuishika elektroni. Sababu ni kwamba molekuli halisi inazunguka, na ncha inayozunguka haitegemeki. Ukiingiza mzunguko katika hesabu, kizingiti kinapanda hadi karibu debye 2.5. Lakini molekuli mbili za maji zikishikamana zinaiweza, na jozi hiyo yenye chaji hasi imepimwa maabarani. Bibi yangu, ambaye hakupata kusikia habari za debye, angesema kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa, kitenzi gani kinafaa kwa elektroni iliyo nje, haijaingia, haijaondoka, haina mkono ulioikunjia vidole? Kushikwa kunadanganya. Kufungwa kunadanganya zaidi. Kudandia, walilonipa wenzangu waliokaa Tanzania, kunachekesha na kuna picha nzuri ya kijana aliyening'inia mlangoni mwa basi, lakini kunampa elektroni miguu na nia. Nilifikiria pia "mpangaji", halafu nikaliacha kwa sababu nitakayoieleza chini.

Kitenzi nilichokipata kipo katika kamusi zote, na watu wa hapa hawakitumii: kuangama. Kuwa juu bila kushuka wala kupanda, kukwama hewani. Kilichonifurahisha ni jamaa zake. Kuangika ni kutundika kitu. Kuangua ni kukitoa kilipokuwa, kama mtu anayeangua embe kwa upembo. Mzizi ni mmoja, -ang-, na viambishi vitatu vinagawana kazi: -ik- anaweka, -u- anaondoa, -am- kitu kiko katika hali hiyo. Tunazijua familia hizi: inika, inua, inama. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanakiita hiki cha -am- kiambishi cha mkao. Simama, inama, kwama, tuama, angama. Tazameni vizuri: hakuna hata kimoja kinachouliza nani. Maji yametuama. Nani aliyatuamisha? Swali halijitokezi. Pembeni yake yupo ndugu yake wa kale, -at-, kiambishi cha mgusano, aliyebaki katika kamata, fumbata, ambata, nata. Yaani mgawanyo ambao wanafizikia wanaulipia vielezi, kati ya elektroni iliyoingia mwilini na elektroni iliyobaki nje, Kiswahili kilikwisha kuuchora kwa silabi moja: -at- kwa ile ya ndani, -am- kwa ile ya nje.

Mtu atasema hayo ni mapambo, mwanafunzi wa isimu anacheza na mizizi. Nilimpa rafiki yangu nafasi ya kuyavunja, na alijaribu kwa bidii. Lakini njia yao ya kupima ndiyo iliyonipa hoja bora. Wanaimulika ioni hasi kwa leza ambayo nishati ya mwanga wake inajulikana. Mwanga unaiangua elektroni. Wanapima mwendo wa elektroni iliyoanguliwa. Ukitoa nishati ya mwendo huo katika nishati ya mwanga, kinachobaki ndicho mshiko. Kwa oksijeni, kipimo hicho hakitoi jibu moja. Kinatoa mfululizo wa vilele, kwa sababu molekuli iliyokuwa imebadili mkao inaachwa ikitetema. Kwa elektroni iliyoangama kinatokea kilele kimoja chembamba, karibu na sifuri, na kingine kidogo sana. Molekuli haikushtuka. Haikuwa imebadilika ilipoipata, na haibadiliki inapoipoteza. Kwa hiyo anayesema "imekamata" na anayesema "imeangama" hawatofautiani kwa mtindo. Wanatabiri vilele tofauti, na mmoja wao anaweza kukutwa amekosea.

Kuna hata molekuli moja inayoitaka lugha ivitumie vitenzi vyote viwili. Ni urasili, kiungo kimojawapo cha RNA. Katika miaka ya 1990 kundi la Kit Bowen, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani, lilipima urasili hasi na kukuta elektroni imeangama nje. Walipoiongezea urasili molekuli moja tu ya maji, kilele kile chembamba kikatoweka na elektroni ikaonekana imekamatwa ndani. Jaribu kuieleza habari hiyo kwa "iko liye" uone utakavyohangaika. Kwa Kiswahili ni sentensi moja: elektroni iliyokuwa imeangama, maji yalipofika, ikakamatwa.

Ni kweli kwamba -am- na -at- vimekufa kama mashine. Hatuwezi kuvitia katika mzizi wowote tunaoutaka na kupata kitenzi kipya. Vimeganda katika maneno yaliyobaki. Kwa hiyo tunachonacho ni ghala, na ghala huisha. Ni kweli pia kwamba nilipolijaribu "angama" nyumbani kwetu, mtaa wa Majengo, mama hakulijua. Alijua "kwama". Alijua "kuangua" kwa ajili ya mayai, na akauliza kama elektroni zinataga. Lakini nilipompa inika, inua, inama, alifika kwenye angama mwenyewe kabla sijamaliza. Neno "liye" hakuna mtu Goma atakayelifikia mwenyewe bila kukaa darasani.

Wapo walimu wetu wanaopenda istilahi zenye watu ndani. Elektroni mgeni, elektroni mpangaji, molekuli mwenyeji. Nakubali kwamba zinakaa kichwani haraka. Nazipinga kwa sababu ya usiku ule wa Sake. Ukisema mpangaji umeshampa nia, na mwenye nia anaweza kutumwa. Elektroni ibaki katika ngeli ya i-/zi-, ipatanishwe kama mvua na hewa, na ipewe vitenzi visivyo na kiti cha mtenda: inaangama, inaponyoka, inanata, inabanduka.

Nimeitaja Sake mara kadhaa, na msomaji ana haki ya kuuliza kama asetonitrili inaanguka huko na mvua. Hapana. Kinachohusika na radi ni lile daraja la kati, oksijeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliojumlisha vipimo vya setilaiti vya miaka 16, uliiweka Kabare, ng'ambo ya ziwa letu, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya 200 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba. Sake nayo imo katika sehemu kumi za kwanza, kwa zaidi ya 140. Tunaishi, kwa hiyo, mahali ambapo habari ya elektroni na hewa inamhusu kila mwenye shamba.

Mawinguni vipande vya barafu vinagongana na vinaachana na chaji, vyepesi vikipanda na vizito vikibaki chini. Katika hewa tulivu, elektroni yoyote iliyofunguka haipati nafasi ya kukimbia. Karibu na ardhi oksijeni inaikamata kabla hata sehemu moja ya milioni ya sekunde haijaisha, tena kwa msaada: lazima molekuli ya tatu iwepo kuichukua nishati ya ziada, la sivyo elektroni inaponyoka palepale. Molekuli za maji zikiizunguka ioni hiyo, mshiko unaongezeka. Hewa yote, kwa namna fulani, inakaa ikikamata. Lakini 0.45 ni mshiko wa kupita. Nguvu ya umeme ikipanda, elektroni zinapata mwendo wa kugonga na kufungua nyingine nyingi kuliko zinazokamatwa. Karibu na usawa wa bahari mpaka huo ni kama volti milioni 3 kwa kila mita. (Ndani ya mawingu puto za vipimo hukuta nguvu ndogo kuliko hiyo, na wanasayansi bado wanabishana jinsi mwale unavyoanza. Niliposikia kwamba hata wao wanabishana nilipumua kidogo.) Mpaka ukivukwa, kukamata kunashindwa na kuponyoka kunashinda, na njia ya moto inafunguka hewani.

Angalieni nilivyoandika aya hiyo. Kuna kugongana, kupanda, kufunguka, kuponyoka, kushindwa. Hakuna aliyetuma. Sikulazimika kukanusha uchawi hata mara moja, wala kuwaambia wazee kwamba ni wajinga, jambo ambalo Kifaransa changu cha usiku ule kiliwaambia bila mimi kukusudia. Mtu aliyekulia kwenye sentensi hizo anaweza kuendelea kuamini anachotaka, lakini akiuliza "nani?", itabidi aulize kwa makusudi, kwa sababu kitenzi hakimsukumi tena huko.

Ninachoomba kitivoni ni kidogo na kinawezekana kabla ya mwaka wa masomo kuisha. Tuache kwa muda orodha za nomino. Wanafunzi watano wa isimu na watano wa fizikia wakae meza moja, wachukue sura moja ya kitabu cha sekondari, waandike vitenzi vyake vyote, na kwa kila kitenzi waulize: je, tendo hili lina mtenda? Mguso upo au haupo? Kilichoshika kinabadilika au hakibadiliki? Ndipo watafute katika ghala letu, la Goma na la Bukavu na la pwani pia. Kwa "angama" tutakuwa wadeni wa pwani. Kwa "kamata" lisilo na polisi, pwani watakuwa wadeni wetu, na nitafurahi kulipwa. Mwalimu mmoja niliyemweleza wazo hili alisema kwamba fizikia si ya watu wa lugha. Nilimwambia kwamba vitenzi si vya watu wa fizikia. Haikuwa adabu kubwa, lakini tuliagana vizuri.

Mwezi uliopita nilikwenda tena Sake. Baba mdogo alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi, nikakaa naye. Nilianza bila kuombwa: juu kule barafu inagongana, umeme unajikusanya, hewa inazikamata zile elektroni lakini mshiko wake ni mdogo, umeme ukizidi zinaponyoka, na njia zinayopita ndiyo radi.

"Zinaponyoka," alisema. "Sawa mbuzi."

"Sawa mbuzi, baba."

"Na nani anafungulaka kamba?"

"Haifunguliwi. Inakatika."

Aliendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha, akalitupa kwenye rundo. Kisha akataka kujua barafu inatoka wapi, juu ya Sake, na jua hili. Nikamkumbusha ile mvua ya mawe iliyomharibia maharage.